Fuata Mwanga: Mwongozo Kamili wa Draivu za CD na DVD, Kuchoma Diski na Kuokoa Data

Draivu ya CD au DVD haioni picha, haisikii wimbo, wala haijui faili. Inachopima ni kitu kimoja tu: mwanga uliotoka umerudi kiasi gani. Ukilishika hilo, matatizo mengi yanayosumbua watu (diski inazunguka tu bila kufunguka, DVD ya harusi inakwama katikati ya sherehe, CD ya picha za CT haisomeki hospitali ya pili) yanageuka kuwa swali moja: mwanga umepotelea wapi?

Mwongozo huu unaufuata mwanga huo tangu unapotoka kwenye leza hadi unaporudi. Kisha unaonyesha namna ya kutafuta hitilafu, kusafisha lenzi, kuchoma diski itakayodumu, na kuokoa data kwenye diski iliyoanza kufa. Hili la mwisho halifai kuahirishwa. Kompyuta mpakato mpya nyingi haziji tena na draivu, diski tupu nzuri zinaadimika madukani, na Februari 2025 Sony ilisimamisha kutengeneza diski tupu za Blu-ray.

Data iko wapi hasa

Shika CD, igeuze upande unaong'aa. Plastiki unayoiona ni polikaboneti, unene milimita 1.2, kipenyo milimita 120, tundu la katikati milimita 15. Data haipo kwenye uso huo unaoutazama. Ipo ng'ambo ya plastiki, chini kidogo tu ya maandishi ya lebo: kuna tabaka jembamba mno la alumini, juu yake vanishi, kisha wino. Basi. Ndiyo maana mkwaruzo wa upande wa lebo ni hatari kuliko wa upande wa chini, ingawa watu wengi huilaza CD lebo ikiwa chini wakidhani wanailinda. Mkwaruzo wa chini ni kama ufa kwenye kioo cha dirisha, kilicho ndani bado kipo. Mkwaruzo wa juu umeng'oa chenyewe.

DVD ni tofauti. Imeundwa kwa sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, na data iko katikati, kwa hiyo lebo yake haina hatari hiyo. Udhaifu wake ni gundi: ukiichomoa kwenye kasha kwa kuipinda, unaanza kuachanisha sahani hizo kidogo kidogo kuanzia tunduni. Blu-ray imeweka data karibu kabisa na uso wa chini, milimita 0.1 tu, na inalindwa na ngozi ngumu.

Data yote imepangwa kwenye mstari mmoja mrefu unaozunguka kama dawa ya mbu ya koili, ukianzia ndani kuelekea nje. Mstari wa CD ukinyooshwa unapita kilomita 5. Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 1.6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hivyo unywele wa mikromita 70 ukilala juu yake unafunika mizunguko zaidi ya 40. Kwenye DVD nafasi hiyo ni mikromita 0.74, na kwenye Blu-ray 0.32.

Ndani ya mstari huo mna vishimo, na kati ya kishimo na kishimo pana uwanda tambarare. Kwenye CD, urefu wa kishimo ni kati ya mikromita 0.83 na takriban 3. Kina chake ndicho chenye ujanja: kiko karibu na robo ya wimbi la leza. Leza ya CD ina wimbi la nanomita 780 hewani (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), lakini ndani ya polikaboneti wimbi hilo hufupika hadi kama 500, na robo yake ni kama 125. Mwanga unaoingia kishimoni na kurudi unakuwa umepishana kwa karibu nusu wimbi na ule uliogonga uwanda wa pembeni. Mawimbi mawili yaliyopishana hivyo hufutana. Kitambuzi kinaona giza, ingawa alumini inang'aa kote kote.

Hapa kuna kosa linalorudiwa hata darasani: kwamba kishimo ni sifuri na uwanda ni moja. Sivyo. Moja ni *ukingo*, pale kishimo kinapoanza au kinapokwisha, yaani pale mwanga unapobadilika. Sifuri ni muda ambao hakuna kinachobadilika. Ili draivu isipoteze hesabu, kila baiti ya biti 8 hugeuzwa kuwa biti 14, zikaongezwa 3 za kuunganishia, kwa kanuni kwamba kati ya moja na moja sifuri zisipungue 2 wala kuzidi 10. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini diski iliyochomwa ovyo inasumbua hata ikiwa haina doa. Kingo za alama zake hazikuangukia mahali pake, draivu inahesabu sifuri 4 pale palipokuwa na 5, na baiti nzima inaharibika.

Makosa madogo yapo kwenye kila diski, hata mpya. Diski imeyatarajia: data ya sehemu moja imetawanywa mbali mbali pamoja na hesabu za kusahihishia, hivyo CD inaweza kujaza pengo la takriban milimita 2.5 za mstari bila kupoteza hata biti moja. Kutokana na hilo, mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni unavumilika, kwa sababu unaukata kila mzunguko mahali pafupi tu. Mkwaruzo unaofuata mviringo unaua, kwa kuwa unatembea na mstari wenyewe. Ndiyo sababu diski hupanguswa kutoka tunduni kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Haipanguswi kwa kuzungusha.

Safari ya mwanga ndani ya draivu

Leza ni diodi ndogo kuliko punje ya mchele. Mwanga wake hupita kwenye kioo kinachougawa, ukanyooshwa, kisha lenzi ya juu, ile unayoiona ukifungua trei ya kompyuta mpakato, ikaukusanya hadi kwenye nukta. Nukta ya CD inapogusa data ina upana wa mikromita 1.7 hivi. Lakini pale mwanga unapoingia kwenye uso wa plastiki bado umetawanyika kwa karibu milimita 0.8. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya vumbi dogo lisizuie kitu: kwenye uso ni kivuli tu pembeni mwa mwanga mpana. Blu-ray haina nafasi hiyo kubwa kwa sababu data yake iko karibu na uso, na alama ya kidole isiyoisumbua CD inaweza kuisumbua yenyewe.

Mwanga unaorudi huangukia kitambuzi kilichogawanywa vipande vinne, A, B, C na D, kama kitumbua kilichokatwa mara mbili. Kabla ya kufika hapo hupitishwa kwenye lenzi inayoupinda makusudi. Nukta ikiwa imelenga sawasawa, doa la mwanga ni duara na vipande vyote vinapata sawa. Diski ikisogea karibu, doa linarefuka kuelekea A na C. Ikienda mbali, linarefuka kuelekea B na D. Draivu inatoa (A + C) kwenye (B + D), na jibu linapelekwa moja kwa moja kwenye koili za lenzi. Lenzi yenyewe inaning'inia kwenye nyaya nyembamba kati ya sumaku, inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde ikiufuata uso wa diski ambao haukosi kuyumba. Kupotoka kunakoruhusiwa ni mikromita moja au mbili tu.

Kubaki juu ya mstari hufanywa kwa namna hiyo hiyo, kwa mwanga wa pembeni. Lenzi husogea kidogo kushoto na kulia, na inapofika mwisho wa mkono wake, kigari kizima kinasogezwa na mota kwenye reli zake.

Leza za CD, DVD na Blu-ray si moja: nanomita 780, 650 na 405. Draivu ya DVD inayosoma na CD ina leza mbili. Kumbuka hilo, litakusaidia hivi punde.

Sikiliza kabla ya kufungua

Ukifunga trei, draivu hufanya mambo kwa mpangilio usiobadilika. Kigari kinarudi ndani kabisa, leza inawaka, lenzi inapanda na kushuka ikitafuta uso unaorudisha mwanga. Ukiupata, diski inazungushwa, nukta inakamata mstari, kisha jedwali la yaliyomo linasomwa karibu na tundu. Hapo ndipo jina la diski linatokea kwenye skrini. Kila hatua ina mlio wake, na mahali inapoishia panakuambia tatizo.

Ikiwa diski haijaribu kuzunguka kabisa, au inajigusa mara mbili tatu kisha kimya, lenzi haikupata uso: lenzi ni chafu, leza imekufa, au utepe wa waya unaokwenda kwenye kigari umekatika. Ikiwa inazunguka kwa kasi, inapunguza, inazunguka tena bila mwisho, mwanga unarudi lakini ni dhaifu au umejaa makosa. Anza na diski, kisha lenzi. Mlio wa tik-tik-tik ni kigari kinachogonga mwisho wa reli au grisi iliyokauka. Diski inayosoma vizuri mwanzoni na kukwama mwishoni ina uchafu wa ukingoni, au ilichomwa kwa kasi iliyozidi, kwani mwisho wa data uko nje.

Jaribio lenye faida kuliko yote halihitaji bisibisi. Tafuta diski nne: CD ya kiwandani, CD iliyochomwa, DVD ya kiwandani na DVD iliyochomwa. Zijaribu zote.

CD zote zikikataa na DVD zote zikikubali, au kinyume chake, lenzi si chafu. Leza moja kati ya zile mbili imekufa, badilisha draivu. Za kiwandani zikisoma na za kuchoma zikikataa, mwanga umepungua: safisha lenzi kwanza, na isiposaidia leza imezeeka. Diski za kufutika ndizo za kwanza kukataliwa siku zote, maana CD-RW inarudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga, wakati CD ya kiwandani inarudisha asilimia 70 au zaidi. Moja pekee ikikataa, kosa ni la diski hiyo, usiguse draivu.

Kuna mambo mawili ambayo mwanga unarudi vizuri na bado filamu haichezi au draivu haikai. La kwanza ni kanda za DVD, yaani maeneo ya dunia ambako filamu imeruhusiwa kuchezwa. Afrika Mashariki iko kanda ya 5, sehemu kubwa ya Ulaya na nchi za Ghuba kanda ya 2, Marekani kanda ya 1. Filamu aliyokutumia ndugu kutoka Muscat au London inaweza kukataa kwa sababu hiyo tu, na draivu ya kompyuta inakuruhusu kubadilisha kanda mara 5 pekee, kisha inajifunga. La pili ni umeme wa draivu za USB za nje. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, lakini draivu inapoanza kuzungusha au kuchoma inaweza kuhitaji maradufu yake. Dalili ni draivu kupotea kwenye kompyuta pale tu uchomaji unapoanza. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio, au tumia kebo yenye vichwa viwili.

Kusafisha diski, kisha lenzi

Diski ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, suuza, ikaushe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kutoka tunduni kwenda nje. Usitumie petroli, thina wala asitoni: polikaboneti inakuwa nyeupe na kupasuka pasuka, na hapo hakuna tena kurudi. Kisha inua diski mbele ya taa, lebo ikikuelekea. Ukiona vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga, alumini imetoka mahali hapo. Hakuna dawa itakayoirudisha data ya pale.

Mkwaruzo wa upande wa chini wa CD au DVD unaweza kupunguzwa kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli, ukisugua taratibu kwa mistari ya kutoka ndani kwenda nje kwa dakika kadhaa, kisha ukasuuza. Hufanyi ila kulainisha kingo za mkwaruzo ili mwanga usipinde. Blu-ray usiisugue kamwe, utamaliza ngozi yake kabla ya kuumaliza mkwaruzo. Diski yenye ufa unaoanzia tunduni usiizungushe kabisa: kwa kasi ya 52x (mara 52 ya kasi ya kawaida ya CD) diski hufanya mizunguko takriban 10,000 kwa dakika, ukingo wake ukikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na ikipasuka humo ndani inaondoka na draivu yote.

Kwa lenzi andaa bisibisi ya nyota, kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, vijiti vya pamba, na pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti yenye rangi inaacha utando kwenye lenzi, na ile ya kusafishia vidonda ina maji mengi, hazifai hapa.

1. Zima kompyuta na chomoa umeme (kwa kompyuta mpakato, soma hatua ya 2 kwanza). Leza ya CD haionekani vizuri kwa macho kwa kuwa iko nje kidogo ya rangi tunazoona, na kutokuonekana huko ndiko hatari yake. Usiwashe draivu iliyofunguliwa ukiwa umeiinamia.
2. Draivu nyembamba ya kompyuta mpakato: ifungue trei tu kabla ya kuzima. Lenzi iko juu ya trei, huhitaji kufungua kitu kingine.
3. Draivu ya kompyuta ya mezani: ingiza kibanio kwenye tundu dogo la mbele, sukuma hadi trei itoke kidogo, ivute kwa mkono. Vua ubao wa mbele wa trei, legeza skrubu nne za chini, fungua bati la chini, bana vishikizo vya uso wa mbele, kisha inua kava la juu.
4. Pulizia vumbi kwa puto la mpira. Usipulize kwa mdomo, mate huacha madoa.
5. Lowesha kijiti kwa tone moja, kikung'ute kibaki unyevu tu. Kiweke katikati ya lenzi na kizungushe taratibu kwenda nje bila kukandamiza. Lenzi itasogea chini ya pamba kwa sababu imening'inia. Iache isogee, ukiilazimisha utapinda nyaya zake.
6. Kausha kwa kijiti kikavu. Itazame kwa pembe chini ya taa: lenzi safi huonyesha rangi ya bluu au zambarau iliyo sawa kote, bila ukungu.
7. Ngoja dakika 5, funga, jaribu zile diski nne tena.

Ukiwa umeshafungua, sukuma kigari kwa kidole kwenye reli. Kikikwama, futa grisi nzee kwa pombe, paka tabaka jembamba la grisi nyeupe isiyodhuru plastiki. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda na kukusanya vumbi. Trei inayofunguka kwa kusuasua kwa kawaida ina mkanda wa mpira uliolegea au kuteleza. Ufute kwa pombe pamoja na gurudumu lake. Kuuchovya mkanda kwenye maji ya moto kunaubana kwa wiki chache, kisha utataka mpya.

Jambo moja tunaliomba sana: pembeni mwa leza kwenye baadhi ya draivu kuna kidude kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, kinachoongeza umeme wa leza. Mafundi wengi hukizungusha, draivu inasoma siku hiyo, mteja anaondoka na furaha. Leza iliyozeeka ikiongezewa umeme inakufa upesi, na kama tatizo lilikuwa lenzi chafu, umeiua leza nzima bila sababu. Usikiguse.

Kuchoma diski itakayosomeka miaka ijayo

Diski ya kuchoma haina vishimo. CD-R na DVD-R zina tabaka la rangi ya kikemikali kati ya plastiki na tabaka linalong'aa. Leza ya kusomea ni dhaifu, kwa CD iko chini ya miliwati 1. Ya kuandikia hupanda hadi makumi ya miliwati, inaiunguza rangi mahali nukta ilipo, na pale pakawa peusi machoni mwa kitambuzi. Rangi hiyo ikishaungua haibadiliki tena. Diski za kufutika hutumia aloi ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Ikiyeyushwa kwa nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi na kupoa ghafla inakuwa hafifu kurudisha mwanga. Ikipashwa kwa kiasi cha nyuzi 200 inarudi kung'aa. Hivyo hivyo takriban mara 1,000. Ni nzuri kwa kazi ya wiki, si kwa kumbukumbu.

Kabla ya kuandika data, draivu huchoma alama za majaribio kwenye eneo dogo karibu na tundu, huzisoma, na kuchagua nguvu inayofaa diski ile. Ukiona ujumbe wa kosa la kupima nguvu za leza, maana yake jaribio hilo halikufaulu: diski ni mbovu, lenzi ni chafu, au leza imechoka. Jaribu kwa mpangilio huo huo.

Jina kwenye kasha si lazima liwe la kiwanda kilichoitengeneza diski. Habari za kweli zimeandikwa kwenye mfereji wa diski yenyewe. Kwenye Linux zisome hivi (`/dev/sr0` ni draivu yako), ya kwanza kwa CD na ya pili kwa DVD:

`wodim -atip dev=/dev/sr0`
`dvd+rw-mediainfo /dev/sr0`

Ukipata aina inayokubaliana na draivu yako, iandike na ununue hiyo hiyo.

Sasa vipimo. CD ya dakika 80 ina sekta (vipande vya data) 360,000 za baiti 2,048, yaani baiti 737,280,000. DVD-R ina baiti 4,707,319,808 na DVD+R 4,700,372,992. Windows hugawa kwa 1,024 kila ngazi, ndiyo maana "4.7" ya kwenye kasha inasomeka 4.38 na watu hudhani wamepunjwa. Usiijaze hadi pomoni: acha megabaiti 200 hadi 300 kwenye DVD, kwa kuwa ukingo wa nje ndiko diski inakoyumba zaidi, alama za vidole zinakolundikana na gundi inakoanza kuachia. Faili moja linalozidi gigabaiti 4 linahitaji mfumo wa kupanga mafaili uitwao UDF. Ule wa kawaida, ISO 9660, utalikataa au kulikata.

Kasi: chagua 8x kwa DVD iliyoandikwa 16x, na 16x hadi 24x kwa CD-R. Kwa CD, 16x ni kama dakika 5, kwani dakika 80 zinagawanywa kwa 16. Kushuka hadi kasi ya chini kabisa si usalama zaidi, kwa sababu rangi za diski za leo zimetengenezwa kwa joto la haraka, na ukienda polepole mno alama zinatanuka na kingo zake kupoteza mahali.

Tengeneza kwanza faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, kwenye diski kuu ya kompyuta, kwa ImgBurn kwenye Windows, au K3b na Brasero kwenye Linux. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi au mtandao. Draivu hazina tena tatizo kubwa la bafa (kumbukumbu ya muda ya draivu) kuishiwa kama ilivyokuwa miaka ya 1990, kwani zinasimama na kuendelea, lakini kila kiungo cha kusimama ni mahali pa kosa. Kwa amri:

`growisofs -dvd-compat -speed=8 -Z /dev/sr0=harusi.iso`

Kipande `-dvd-compat` kinaifunga diski ili isomeke hata kwenye deki za sebuleni. Diski isiyofungwa mara nyingi inasomeka kwenye draivu iliyoichoma tu, na hii ndiyo asili ya malalamiko ya "kwangu inafunguka, kwake haifunguki".

Kisha hakiki. Toa diski, irudishe, linganisha. Gawa ukubwa wa ISO kwa 2,048 upate idadi ya sekta. Kwa ISO ya baiti 734,003,200 ni 358,400:

`sha256sum harusi.iso`
`dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=358400 | sha256sum`

Mistari miwili ya herufi na tarakimu ikifanana, diski ni sahihi kwa kila biti. Usipoweka idadi ya sekta, sekta za ziada zinazoongezwa mwishoni zinaweza kufanya majibu yatofautiane hata diski ikiwa nzima.

Kuokoa diski inayokufa

Usiendelee kuifungua fungua. Kila jaribio la mfumo wa kompyuta linaisukuma draivu kurudia sekta mbovu tena na tena. Osha diski, punguza kasi kwa `eject -x 4 /dev/sr0`, kisha nakili yote kwa programu ya GNU ddrescue:

`ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map`

Raundi hii inachukua yale mepesi na kuyaruka magumu. Faili la `okoa.map` linakumbuka sekta zipi hazijapatikana. Raundi ya pili inarudi kwenye hizo tu:

`ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 okoa.iso okoa.map`

Zikibaki, hamishia diski kwenye draivu ya aina nyingine na urudie amri hiyo hiyo na mafaili hayo hayo mawili. Hapa ndipo uokoaji mwingi unapofanikiwa, kwa sababu kila draivu ina leza, lenzi na ukali wake, na sekta iliyoshindikana kwa moja mara nyingi inasomwa na nyingine bila shida. Draivu tatu za zamani zilizotupwa kabatini zina thamani kwa kazi hii. Diski ikiwa haikufungwa na inaonekana tupu, ijaribu kwenye draivu inayochoma, kwa programu kama IsoBuster inayosoma chini ya mfumo wa mafaili.

Ukishapata ISO, ifungue na uangalie mafaili yenye sekta zilizokosekana. Video kwa kawaida itaruka sekunde moja na kuendelea. Faili la ZIP lenye pengo linaweza kugoma kabisa.

Mahali pa kuziweka

Rangi ya diski iliyochomwa inaharibiwa na jua kwa namna ile ile iliyoandikwa na leza, polepole tu. Dashibodi ya gari na kabati linaloangaliana na dirisha havifai. Zisimamishe wima ndani ya makasha, mahali pa baridi na pakavu. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, weka makasha kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na vibadilishe vinapojaa. Unyevu si jambo la kudharau: mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania walieleza kuvu aliyekutwa ndani ya CD iliyotoka Belize, akiwa ametafuna tabaka lake la alumini kutoka ukingoni.

Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, karibu na tundu pasipo na data. Usibandike lebo ya karatasi, inavuta unyevu, na ikikaa upande diski inayumba. Choma nakala mbili kwenye diski za viwanda tofauti, weka ya pili nyumba nyingine, na mara moja kwa mwaka pitisha kila diski kwenye `dd` na `sha256sum` ukilinganisha na tarakimu ulizoziandika siku ya kuchoma. Draivu ikianza kupunguza kasi na kurudia rudia njiani, nakili siku hiyo hiyo, kabla makosa hayajazidi uwezo wa diski kujisahihisha.